Nilichora Lango, Mama Akabaki Nje

Jamani, nilaumuni mimi! Sikusingiziwa, wala sikuponzwa na mtu. Kichwa changu kikubwa ndicho kilichoniponza.

Mimi ni mzaliwa wa Quionga, huku kaskazini mwa Msumbiji. Niliporudi kutoka Maputo na cheti changu cha arquiteto, yaani msanifu majengo, nilipewa kazi ya kuchora lango jipya la wageni kwenye ngome ya zamani, ile ya kilimani. Basi nikavimba! Hata salamu nikawa naitikia kwa Kireno.

Nikachora ngazi ndefu, zimesimama wima kama za mnara. Juu nikaweka geti la chuma la kuzunguka, apite mtu mmoja mmoja. Njia ya zamani, iliyopanda taratibu kwa nyuma, nikaiziba kwa ukuta.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, ile njia umeizibia nini? Mimi na magoti haya nitafikaje kwa baba yako?" Baba amezikwa kule juu, nyuma ya ngome.

Nikamjibu, "Mama, haya mambo ya kitaalamu."

Astaghfirullah! Mama mzazi!

Siku ya ufunguzi nikavaa suti, tai imenikaba. Administrador, mkuu wa wilaya yetu, akasema, "Senhor arquiteto, tangulia." Nikatangulia kwa maringo. Geti likazunguka nusu, likanibana tumbo. Mbele siendi, nyuma sirudi! Akina mama waliokuja kucheza ngoma ya tufo wakaacha kuimba, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akapaza sauti, "Mpakeni mafuta!" Administrador mwenyewe kajifunika uso kwa kofia, mabega yanamtetemeka.

Nikiwa nimenasa hivyo ndipo nikamwona mama. Yuko chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, na kanga yake mpya. Wote wanacheka, yeye hacheki. Kanyanyua mikono, anamwombea baba dua kutoka kule kule chini.

Nilitamani ardhi inimeze, na hata hilo lisingewezekana, nimebanwa! Ikabidi geti likatwe kwa msumeno ndipo nikatoka.

Nimeomba ukuta ubomolewe. Naambiwa mradi umeshafungwa, nisubiri. Basi kila Ijumaa nambeba mama mgongoni, napanda naye ngazi zile mpaka kwa baba, nahema kama punda, wageni wananipiga picha! Mama hanilaumu. Ananigusa begani tu: "Pumzika kidogo, arquiteto." Neno hilo linaniuma kuliko mgongo.

Wenzangu mnaochora, waulizeni wenyeji wanapita wapi. Na mama yako akikuuliza swali, mjibu kama mwanawe, usimjibu kama afisa.