Viganja vya Mama

Nilikuwa nachagua kamba ya mbuzi sokoni Tala wakati harufu ya mkonge iliponipanda puani. Kijana muuzaji, wa umri wa wajukuu wangu, akauliza, "Shosho, unachukua hii ama ile?" Nikaisogeza kamba puani tena. Ilikuwa harufu ya mama.

Nikiwa mtoto tulitoka Tanganyika, baba akifuata kazi, tukaishia huku, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Mama alikata majani kutwa. Maji ya mkonge huwasha kama upupu, na yalikuwa yamemganda mikononi, hayatoki kwa sabuni wala kwa majivu. Kwa hivyo hakutugusa kwa viganja. Alitupapasa kwa mgongo wa mkono, na mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alimpakata kwa viwiko.

"Tukirudi kwetu nitawashika vizuri," alikuwa akituambia.

Asubuhi moja mtoto huyo alichemka kwa homa. Mama akaomba ruhusa. Nyapara, msimamizi wa shamba, akasema, "Wewe mama, maliza laini yako ya mkonge kwanza."

Akamaliza. Aliporudi, mtoto alikuwa ametulia mapajani mwangu, nikidhani amelala. Mama akamchukua bila kunawa. Akampapasa uso, shingo na tumbo, polepole, kwa viganja vyote viwili.

Nami nikawa nangoja aamke, alie kwa kuwashwa.