Mawe Yenye Uhai

Juzi, pwani ya Mangapwani, nimeliona bango jipya la kulinda matumbawe, lote kwa Kiingereza. Damu ikanichemka.

Nilipokuwa mtoto alikuja bwana samaki wa serikali, akawafundisha wanaume barazani maji yakiwa yamekupwa na mama zetu wote wako mwambani wanachokoa pweza.

"Matumbawe yana uhai," alisema.

Nikamkimbilia bibi, aliyekuwa nao huko, kisha nikanyata juu ya mwamba unaonuka mwani, nikidhani mawe yatalia.

"Bibi, usiyakanyage, yanaumia!"

"Nani kakwambia?"

"Bwana samaki."

Bibi akakichomoa kijiti chake shimoni kwa hasira. "Mbona kawaambia wasiokuja huku, asitungoje sisi tunaoyakanyaga?"

Bango la juzi nalo limeelekezwa kwenye hoteli ya wageni, limewapa mgongo wachokoa pweza.