Pombe ya Ulezi na Kilima Kitupu

Mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na moja, shirika la umma alikofanya kazi mume wangu lilipunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani asubuhi, akakaa kibarazani na viatu vyake vya kazi, hakuvivua mpaka jioni. Watoto walikuwa watatu, wa nne yumo tumboni. Sikulia. Nilikwenda sokoni kununua ulezi.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kupika pombe nilifundishwa na mama yangu, na pombe ya mama yangu watu walipanda mlima kutoka Ilemba, huko chini bondeni, kuifuata. Kwa hiyo nikafungua kilabu nyuma ya nyumba yetu, ukingoni mwa mji wa Sumbawanga. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, kila aliyeachishwa kazi alijiita mfanyabiashara, na nusu yao walikuja kunywa kwangu.

Wateja hawakunisumbua. Kuni ndizo zilizonisumbua. Mgeni akija kwetu Ufipa hushangaa: nyasi mpaka macho yachoke, mti mmoja hapa, mwingine huko mbali. Na mji ulikuwa unakua. Huyu anachoma tofali, yule anachoma mkaa, na sisi wapika pombe tulikuwa wengi. Kuni tulizifuata kwenye miteremko ya kushukia bonde la Rukwa, na kila mwaka miti ilikuwa imezidi kusogea mbali. Mwanzoni nilitoka alfajiri nikarudi mchana. Baadaye nilirudi jua linazama, na siku ya kuni si siku ya kupika. Nilijua wazi kwamba kuni zikinishinda kilabu kimekufa, na kilabu kikifa watoto wangu hawali.

Juu ya nyumba zetu palikuwa na kilima kitupu, mawe na nyasi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kukiomba nipande miti. Alicheka mbele ya wazee wake.

"Mama, pale hata mbuzi wanapita tu."

"Basi nipe mimi. Mimi sipiti."

Akanipa. Nadhani alitaka tu niondoke.

Miche ya mikaratusi niliiotesha kwenye makopo nyuma ya jiko, nikaimwagilia maji niliyooshea vyombo. Mvua zilipoanza nikaipanda, ikashika vizuri. Kiangazi moto ukapita. Kwetu nyasi huchomwa kila mwaka: mfugaji anataka majani machanga ya ng'ombe wake, vijana wanawinda panya, mwingine anachoma kwa kuwa baba yake alichoma. Mchana mmoja tu kilima chote kikawa cheusi. Mume wangu alisema hicho kilima kimetukataa. Nikamwambia hakijaulizwa.

Nilipanda tena. Safari hii nilijua kwamba kupanda si kazi, kazi ni moto. Wakati huohuo kilabuni watu walikuwa wanalalamika jambo moja tu: ruzuku ya mbolea imeondolewa, bei imepanda, mahindi yamekuwa ya njano. Wengi wao walikuwa wameacha matuta yetu ya Kifipa, intumba, kwa sababu mfuko wa mbolea ulikuwa rahisi zaidi. Intumba ni hivi: mvua zikikaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na mbichi, unazing'oa kwa jembe pamoja na mizizi, unazilundika duara, unazifukia kwa udongo. Zinaozea humo. Juu unapanda maharage, na mwaka unaofuata unalitawanya tuta unapanda ulezi. Nikiwasikiliza wanavyolia na mbolea, nikawaza: penye intumba nyasi zimekwenda chini ya udongo, na moto hauli udongo. Nikizungusha matuta safu kwa safu kuzunguka miti yangu, utapita wapi?

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni halimi kilima. Kwetu kazi nzito unapika pombe, unaita watu, wanalima, wanakunywa. Nilibakiwa na ulezi wa pipa moja na kuni za pipa moja. Nikipika pombe ya kazi, sina ya kuuza. Mume wangu akauliza watoto watakula nini wiki hiyo. Nikamwambia achukue jembe, chakula tutaongea akirudi. Tulikula viazi vya kuomba kwa dada yangu, na sioni aibu kusema.

Walikuja wengi. Fundi baiskeli, mteja wangu wa kila siku, alitaka kuonja kabla ya kushika jembe. Nikakalia mfuniko wa pipa.

"Tuonje tu, mama, tujue tunalimia nini."

"Mnaijua. Mnainywa kila siku mkisema imechacha."

Wakacheka, wakaenda. Kufika safu ya pili wakaanza kunung'unika kwamba mzunguko ni mrefu. Nikawaambia kila mtu tuta atakaloinua ni lake, maharage yake, ulezi wake, mbolea ya bure. Mimi nataka miti tu. Manung'uniko yakaisha. Hata Msukuma mmoja mwenye ng'ombe, aliyehamia pale chini na familia yake, aliacha fimbo akaomba jembe.

Mwezi wa tisa, adhuhuri, nikaona moshi. Aliyewasha hatujamjua mpaka leo. Upepo ulikuwa unaupandisha moto moja kwa moja kwangu. Nilikimbia na mtoto mgongoni, mume wangu mbele na gunia bichi, na fundi baiskeli akatupita sote akisema tuta lake liko upande ule. Moto ukafika kwenye safu ya kwanza, ukatafuta pa kupita, ukakuta udongo. Ukafifia, ukabaki moshi. Kona moja tu, alipolima mlevi aliyekuja akiwa amekwisha kunywa kwingine, uliponyoka, na tukaupiga kwa matawi mpaka ukafa. Miche ya kona hiyo iliungua. Mingine yote ilisimama.

Msukuma alijifuta masizi usoni akanitazama.

"Mama, mwakani niongezee kipande."

"Leta samadi," nikamwambia. Akaleta.

Miti ilipokomaa, sikushuka tena bondeni kutafuta kuni. Siku hizi naambiwa mikaratusi inakunywa maji. Ni kweli, ndiyo maana yangu iko juu kwenye mawe, mbali na chemchemi, na aliyepanda yake bondeni ashike shoka.

Leo nina kilima cha miti, nakivuna upande kwa upande. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, paa la bati. Kilabu chenye mabenchi. Mashine ya kusaga. Ng'ombe wanne. Shamba la ulezi. Mume, amezeeka. Watoto wanne, wote wamesoma kunizidi. Mapipa matano ya kupikia, na banda la kuni, limejaa.