Siku Yorlin Alipotolewa kwenye Orodha ya Majeruhi

Mwanangu Yorlin alianza kurusha mpira wa besiboli akiwa na miaka tisa, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha sukari hapa mjini kwetu Consuelo. Alipofika kumi na miwili, kocha wa mtaa, Chago, alimchukua kutoka asubuhi hadi jioni. Shule ikaishia hapo. Chago aliwafundisha watoto wote jambo moja: watu wa timu wakikuuliza kama mkono unauma, sema hauumi. Anayelalamika hasajiliwi. Nami nilimwona Chago ni mtu mwenye akili.

Akiwa na kumi na sita, timu ya Marekani ilimsajili, akahamia kwenye kambi yao ya hapa nchini, Boca Chica. Miaka miwili baadaye kano la kiwiko likakatika katikati ya mchezo. Wakampasua, wakamweka kwenye orodha ya majeruhi.

Alikaa humo miezi kumi na minne. Kila nilipoliona lile kovu nilimwomba Mungu amtoe kwenye orodha ile. Sikujua kuwa ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Aliyemo hachukui nafasi ya mtu kikosini; analala kambini, analishwa, anatibiwa, na haachwi mpaka ithibitishwe amepona.

Jumapili akija nyumbani nilimwangalia. Alisema mazoezi yanakwenda vizuri, wanamwongezea umbali kidogo kidogo. Lakini kikombe cha kahawa alikishika kwa mkono wa kushoto. Mswaki pia.

"Unauma?"

"Mama, umeanza."

"Nakuuliza."

"Umechoka tu. Wewe ukifua kutwa, mkono hauchoki?"

"Mimi sirushi mashuka kwa kasi ya maili tisini na tano kwa saa."

Akacheka. "Ungeyarusha, wangekusajili wewe."

Mwezi wa Desemba, Fausto, msimamizi wa kambi, alituita wote wawili. Picha zilionyesha kano limeshika. Lilibaki neno la mwenyewe.

"Yorlin, sema ukweli. Unasikia maumivu?"

"Hata kidogo, bosi."

Fausto akanigeukia. "Na nyumbani je, Doña Crucita? Nyinyi akina mama huwa mnaona."

Yorlin alinikazia macho. Nikafikiria vijana wapya wanaosajiliwa kila Januari. Nikajiambia, nikisema unauma, watamtupa na kumchukua mmoja wao.

"Mkono huohuo ndio unaonibebea mtungi wa gesi," nikasema.

Hajawahi kuubeba tangu apasuliwe. Fausto alicheka, akaandika. Yorlin akatia sahihi kwamba amepona.

Kuanzia siku hiyo akahesabiwa kikosini kama wengine. Alipewa nafasi ya kurusha mara tatu. Mpira wake ulifika maili themanini na sita tu, mara ya tatu haukufika hata hapo. Januari vijana wapya wakaja, nafasi zikatakiwa. Alirudi nyumbani na begi lake, glavu imefungwa kwa nje.

Kesho yake nilikwenda kambini peke yangu. Nikamwambia Fausto kuwa nilidanganya, mkono unauma.

"Karibu wote mnadanganya, doña," alisema, bila hasira. "Ungesema siku ile, nisingeweza kumwacha. Angerudi kwa daktari."

"Basi mrudishe."

"Kwa karatasi gani? Hii hapa inasema amepona. Na aliyepona hana daktari hapa."

Akanifungulia mlango mwenyewe, akanisindikiza hadi getini.

Nilimkuta Yorlin jikoni, amefunga mfuko wa barafu kiwikoni kwa kitambaa changu cha sahani.

"Ulikuwa wapi?"

"Kambini. Nimewaambia unauma."

Nikamuuliza ulianza kuuma lini.

"Mwezi wa saba."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mimi nisingeweza, Mama. Siku ile nilikutazama ili useme wewe."

Mimi nilidhani ananiomba nimfiche. Nikamwambia hivyo. Akakaza fundo la kile kitambaa kwa meno.