Sabuni kwenye Mrija wa Petroli

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya sabuni ya kufulia, mpaka leo mimi hutazama sakafu kwanza. Ndiyo harufu ya msimu mmoja wa mvua nyumbani kwetu Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, nilipokuwa na miaka tisa hivi, wakati pikipiki ya baba ililala sebuleni na kudekezwa kutushinda sisi watoto. Ikilala nje ingeibwa, na bila hiyo baba asingefika Kakontwe kwenye machimbo ya chokaa alikofanya kazi. Pikipiki hiyo ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yake na mama. Chini ya tangi, pale mrija wa petroli unapoungana na koki, pete ndogo ya shaba ilikuwa imechakaa na petroli ikidondoka. Kiungio kipya kiliagizwa kutoka mbali, kwa bei ya kukatisha tamaa. Mji mzima unakula kwa shaba, na sisi tumekosa pete ya kuenea kidole cha mtoto! Basi baba akakanda kipande cha sabuni ya mama, akakibandika kuzunguka kiungio. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo ilishika. Alijisifu wiki nzima.

Alasiri moja mvua ilitushukia ghafla. Mama akaingiza mbabula, jiko letu la makaa, akaliweka karibu na mlango likolee. Kasongo, mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, alilala mkekani. Baba akafika ameloa chapachapa, akaisukuma pikipiki mpaka mahali pake, akaingia chumbani kubadili nguo. Mimi ndiye niliyeisikia harufu kwanza. Mvua ilikuwa imeiosha sabuni yote, na petroli sasa haikudondoka, ilitiririka. Sakafu yetu iliinamia mlangoni. Niliuona mchirizi ukipita kando ya mkeka, ukielekea kwenye makaa bila haraka. Mama akageuka aone nimekodolea nini.

“Kapinga, beba mutoto! Pita ku nyuma!”

Mpini wa waya wa mbabula ulikuwa umelalia makaa, na mama hakutafuta kitambaa. Alilishika jiko kwa viganja vitupu, akatoka nalo mvuani. Nikiwa nyuma ya nyumba na Kasongo kifuani, nilisikia makaa yakizimika uani.

Baba alitoka na shati nusu, tayari kujitetea. “Lakini sabuni ilikuwa inakamata muzuri…”

“Sabuni na mvua, papa? Miye nafula nguo kila siku, ungeniuliza!” Mama alikuwa ameikinga mikono kwenye maji ya paa. “Ile pikipiki haiingie tena mu nyumba mupaka utengeneze.”

Nilimchukia baba siku ile, nasema wazi. Kesho yake hakwenda kazini. Aliomba kwa jirani bomba la shaba la friji iliyokufa, akakata mrija na pete, akavichoma kwenye mbabula ileile, mbali na tangi, hadi vikawa vyekundu. Kisha akavitosa majini. Chuma cha spana ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika. Akavisugua kwa majivu, akakaza nati mpaka pete ikaubana mrija. Mama alikaa kizingitini, viganja vimefungwa vitambaa, macho hayabanduki kwenye spana. Petroli ikatiwa, tukangoja. Baba akapitisha kidole chini ya kiungio, kikatoka kikavu, akamwonyesha mama.

“Tungoje mvua,” mama akajibu.

Leo viungio vya plastiki vimejaa sokoni Likasi, na hakuna anayehangaika na friji za watu. Baba hayupo tena. Pikipiki yake iko sebuleni kwangu, na ile pete haijavuja hata tone. Napika kwa umeme. Ukikatika narudi kwenye makaa. Mvua ikianza, kabla sijawasha kiberiti, mama, ambaye sasa anaishi nami, huinama kwa shida na kupitisha mkono chini ya tangi, kisha huunusa. Mwanangu humcheka: si ashike tu, atasikia kama pamelowa? Hajui kwamba tangu alasiri ile viganja vya bibi yake havisikii maji wala moto.