Kaseti Iliyonuka Bani

Mimi siamini mtu. Ukiniambia nje kunanyesha, natoka kwanza, nikilowa ndiyo nakubali. Sikuzaliwa hivi. Ni ugonjwa nilioupata kwenye kaseti za gemu, zile za plastiki tulizokuwa tunachomeka kwenye mashine utotoni na kucheza mpaka vidole gumba vinaota sugu. Wenzangu walikua wakaacha, mimi nikaanza kuzikusanya. Shule niliishia kidato cha pili. Hesabu zilinishinda, na mimi nikazishinda kwa kuzikimbia. Nikajifunza kutengeneza redio na simu, na kila nilichobakiza kikaishia kwenye kaseti kuukuu.

Sasa kaseti nazo zina mfalme wao. Inaitwa kaseti ya majaribio. Kabla gemu halijaenda dukani, kiwanda kilikuwa kinatoa chache za kuonja, waone kama chumvi imekolea. Zikishaonjwa zilitakiwa zitupwe. Iliyonusurika kutupwa, huko duniani watu wanaitafuta kama mganga anavyotafuta kuku mweusi asiye na doa. Na penye kutafutwa hivyo wahuni hawakosi. Mtu anachukua kaseti ya kawaida, anaifungua, anachomelea chipu nyingine, anabandika kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono na kukipaka chai ya rangi kionekane kizee. Habari ya chai naijua vizuri. Ya kwanza kununua, nilipokuja kulamba kikaratasi chake nilikuta kina sukari.

Tangu siku hiyo nikawa mkaguzi. Nikanunua lensi ya fundi saa na bisibisi za kila aina, na kwenye kundi letu la mtandaoni watu wakawa wananitumia picha niwakagulie. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Kila nikienda kwa dada yangu namsimulia kwamba kaseti moja ya majaribio inaweza kubadilisha maisha ya ukoo mzima. Mimi nilikuwa najisifu tu. Yeye akayaweka moyoni.

Dada ni fundi cherehani pale Isevya. Ana mashine moja ya kudarizi ya umeme, inayochora maua na misalaba yenyewe. Kwaya mbili za hapa Tabora zinavaa kazi ya mashine hiyo. Watoto wake wanakula kwayo. Asubuhi moja akanipigia simu.

"Profesa, njoo na bisibisi zako. Ile mali yako imekuja yenyewe mpaka mlangoni."

Nikamkuta mzee mmoja amekaa barazani, shati limechomekwa, viatu havina hata vumbi. Alipaswa kusubiri nimwamkie mimi. Badala yake akasimama akaniambia, "Shikamoo, fundi." Mtu mwenye mvi, mimi sina hata moja! Marahaba ilinikwama kooni kama mwiba wa perege. Mtu mzima akikuamkia shikamoo, shika mfuko.

Akatoa maelezo yake. Kwao Tura, karibu na stesheni. Zamani mhandisi mmoja wa reli alipohama alimwachia marehemu baba yake boksi, likakaa ghalani zaidi ya miaka ishirini bila kufunguliwa. Ndani ndiyo ikatoka kaseti hii. Yeye hataki pesa. Mke wake anataka kuanza ushonaji, basi wabadilishane, kaseti kwa mashine ya kudarizi. Nikachungulia barabarani. Guta la mizigo lilikuwa limeshaegeshwa na kamba zimeshatandazwa juu.

"Mzee, kama ni mali hivyo, kwa nini usiwatafute wanunuzi mwenyewe?"

"Mimi huko nani ananijua, fundi? Wewe ukisema hii ni yenyewe, dunia nzima inakubali. Hata Tura tunakusikia."

Tura wananisikia! Hata Isevya wananisikia kwa shida. Nilijua ni uongo, lakini ulishuka vizuri kama asali ya Sikonge. Nikajikuta nimenyoosha kola.

Nikaanza kazi huku namtazama mzee kwa jicho la pembeni. Skrubu hazikuwa na mikwaruzo, maana yake hakuna aliyezichokonoa juzi. Nikafungua. Chipu zilikuwa zile za majaribio kweli, zenye kidirisha cha kioo katikati, na tarehe zilizopigwa juu yake zilitangulia gemu lenyewe. Nikajiambia chipu za zamani zinaweza kung'olewa kwenye mashine yoyote mbovu, usilainike. Nikaangalia palipochomelewa. Palikuwa pamefifia, hapang'ai kama kazi ya jana. Nikalamba kikaratasi. Hakikuwa na sukari, kilikuwa kichungu. Nikasema moyoni, huu ndio uzee wenyewe.

Mwisho nikaichomeka kwenye mashine yangu ya gemu niliyokuja nayo, tukaiwasha ndani kwenye runinga ya dada. Gemu la ndege za kivita, ila ndege haikuwa imechorwa mabawa. Inaruka kama soseji. Hatua ya tatu ikakatika, kioo kikawa cheusi. Gemu halijamalizwa! Nywele zilinisimama. Kwamba michezo ya namna hiyo imezagaa mtandaoni na mwenye kifaa chake anaiandika kwenye chipu yoyote, nilikuwa nalijua hilo. Siku ile nilikuwa nimeliacha nyumbani.

"Dada," nikasema, "hii ni yenyewe."

Dada akachomoa waya wa mashine ukutani. Akatoa sare ya kwaya iliyokuwa imefika nusu ya msalaba, akaikunja taratibu. Mzee akampungia mkono mtu wa guta.

"Haya, nipe na mimi nimshike huyo mfalme," dada akasema. Akaigeuza kaseti kwenye mwanga, akakunja uso. "Hiki kikaratasi kimeshonwa."

"Kimeandikwa, dada. Kwa kalamu."

"Sijakuuliza kalamu. Tundu hili hapa la sindano, na lingine hili. Sindano nene." Akaisogeza puani, akavuta mara mbili. Halafu akanisukumia. "Nusa."

"Pua yangu ilishakufa na moshi wa kuchomelea."

"Nusa hivyo hivyo, marehemu."

Nikaibana puani kabisa, nikavuta. Mara nikajikuta Urambo, nina miaka tisa, mikono inanata utomvu. Kwetu tumelimishwa tumbaku. Majani tulikuwa tunayatunga kwa sindano ndefu na uzi, yananing'inizwa kwenye kijiti, kijiti kinaingia kwenye bani, kile kijumba cha kukaushia, na baada ya siku chache yanatoka ya kahawia, yote sawasawa. Kuna mtu alitunga vikaratasi vyake uzini akavikausha kama majani. Chai wameiacha, wamehamia kwenye bani! Na ule uchungu nilioulamba, mimi mtoto wa mkulima wa tumbaku, nikauita uzee.

Dada hakupandisha sauti. "Baba, hilo ghala lenu la Tura mnakaushia tumbaku?"

"Hapana, mama. Ni masanduku tu."

"Na boksi halijafunguliwa miaka yote hiyo?"

"Halijafunguliwa."

"Sasa harufu ya tumbaku ya msimu huu imepitia wapi?"

Mzee akacheka kidogo. Akatoa simu ambayo haikuwa imeita, akaiweka sikioni, "Haloo, haloo, mtandao hapa mbaya." Akainyakua kaseti na kutoka nje kutafuta mtandao. Nadhani bado anautafuta.

Mtu wa guta akachungulia. "Mama, sasa mzigo uko wapi?"

"Mzigo ndio huo unaoishia kwenye kona, mkimbilie."

Nilitegemea matusi, nilikuwa nayastahili. Dada akarudisha tu waya ukutani, akasikiliza mashine inavyonguruma, akaingiza tena sare ya kwaya. Msalaba ukaendelea pale ulipokuwa umeishia. Ndipo akafungua mdomo.

"Babu yake babu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani. Akarudi na shanga ambazo hakuna mwanamke Unyanyembe nzima aliyezitaka. Nilikuwa najiuliza hiyo akili imerithiwa na nani."

"Lakini dada, skrubu zilikuwa safi kabisa."

"Shanga nazo zilikuwa safi."

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia. Kabatini kwangu nina kaseti moja ya majaribio, fahari yangu, niliyoikagua mwenyewe kwa lensi siku mbili. Kikaratasi chake ni cha kahawia, kote sawasawa. Tangu siku ile sijailamba. Dada kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Profesa, lini unaniletea na ile yako niinuse?" Namwambia ufunguo wa kabati umepotea.

Ufunguo ninao mfukoni hapa.