Miguu, Jumatatu Hadi Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nililinda chuma kilichokuwa juu ya shingo ya mtu, na tangu hapo sijawahi kuiona kazi hii kuwa mchezo. Jimu ilikuwa banda la mabati pale mtaa wa Pioneer. Uzito wetu ulikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, mmoja kila upande wa chuma. Mkufunzi Mkuu, mwanajeshi mstaafu asiyecheka, alinisimamisha nyuma ya kichwa cha mteja aliyelala kwenye benchi akisukuma chuma juu. Akaniambia, "Mama, huyo akishindwa, hicho kitu kinaangukia koo yake. Usiangalie dirisha."

Sikuangalia dirisha.

Vijana mnaoanza kazi hii leo mnaniuliza swali moja kila mara: kila msuli ufanyishwe mazoezi mara ngapi kwa wiki ndio ukue? Wakati wetu jibu lilikuwa la Mkufunzi Mkuu, wala halikujadiliwa. Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano miguu, Alhamisi mabega, Ijumaa mikono. Huo tuliuita mgawanyo. Kila msuli ulipewa siku moja, na siku hiyo ulipigwa mpaka mwenyewe ashindwe kuchana nywele. Seti, yaani duru moja ya kuinua kabla ya kupumzika, zilifika kumi na tano na kupita. Aliyetapika alisifiwa.

Baadaye nilihamia jimu kubwa ya mjini, yenye vioo ukutani na vyuma vya kununuliwa. Huko nilianza kuandika kila mteja ameinua nini na lini. Nikaona kwamba msuli ukishachoshwa hujijenga kwa siku mbili tatu, halafu unakaa tu. Seti kumi na mbili za miguu ukizigawa, sita Jumatatu na sita Alhamisi, mtu anainua kwa nguvu siku zote mbili, na anakua kuliko yule aliyezimaliza zote kwa mkupuo. Basi nikaanza kufundisha hivyo: kila msuli mara mbili kwa wiki, na siku mbili au tatu za kupumzika katikati. Wateja walijaa mabega, Meneja akanipa cheo cha Mkufunzi Mkuu, na mimi nikaanza kutembea kama mwenye mji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ndipo akaja Kiprono wa Chepsaita, kijiji cha wakimbiaji kule nyanda za juu. Alikuwa mkimbiaji, goti likamtoa kwenye mashindano, na alikuwa amekaa nyumbani miezi mingi. Alitaka mapaja yakue ili yashike goti arudi barabarani. Nikamwandikia kadi, ile karatasi ngumu inayoonyesha siku, seti na marudio. Miguu mara mbili kwa wiki. Aliisoma akacheka.

"Mama, sisi tulikuwa tunatrain asubuhi na jioni, kila siku. Hii ya mara mbili ni ya watu wa ofisi."

Nilimweleza kwamba kukimbia si kubeba. Meneja alikuwa amesimama karibu. Akasema, "Mama Atieno, mteja anataka kazi, mpe kazi. Akienda kwa jimu ile ingine utanieleza nini?"

Nilikuwa na jibu. Sikulitoa, kwa sababu niliogopa kuonekana mwoga mbele ya mkimbiaji. Nikachukua kadi mpya nikaandika: Miguu, Jumatatu hadi Jumamosi, seti kumi. Nikatia sahihi.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la mji huu wa wakimbiaji. Mtu wa kawaida akichuchumaa na chuma mabegani, pumzi humwisha na anaacha. Kiprono alikuwa na mapafu ya Chepsaita. Hakuhema. Jumatatu alimaliza seti kumi akaongeza nne huku akinisimulia habari za mahindi, na mimi nilidhani mtu asiyehema hajachoka. Jumanne alifanya vilevile. Mapaja yalikuwa yakipiga kelele, lakini hakuna kati yetu aliyeyasikiliza.

Jumatano hakuja. Alhamisi asubuhi mke wake, Chebet, alinipigia simu. "Mama, Kiprono hawezi shuka kitandani. Miguu imefura. Na mkojo wake ni kama strungi."

Kama hamjui, strungi ni chai isiyo na maziwa, iliyokolea. Nilimwambia ampeleke hospitali saa hiyohiyo, nikaitoa kadi ya Kiprono kwenye sanduku, nikaitia mkobani.

Nikiwa kwenye lango la hospitali, Meneja, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia, alinipigia. "Hiyo kadi irarue. Sema alijifanyia mwenyewe huko kwao. Unajua wewe ndio ulisign."

Nilijua. Niliona kazi yangu ikiisha, nikajiona nimesimama mbele ya polisi. Ndani, daktari alikuwa akimuuliza Chebet kama mumewe amekunywa dawa za miti shamba, au ameumwa na nyoka. Hakuuliza habari za mazoezi. Nani angedhani mkimbiaji anaweza kuangushwa na mazoezi? Nilisimama hapo na mkoba wangu, na kwa muda ambao hata leo naona haya kuutaja, sikufungua mdomo.

Kisha nikampa daktari kadi.

Aliisoma mara mbili. "Nani ameandika hii?"

"Ni mimi, daktari."

Hakunigombeza. Alibadilisha dawa, akaongeza maji ya mshipani, ndipo akatueleza: msuli uliopigwa kupita kiasi hupasuka, uchafu wake unaingia kwenye damu na kuziba figo. Mkojo usipoongezeka kufikia kesho yake, angewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hakuahidi zaidi ya hapo.

Ijumaa Chebet alinitolea kijagi cha kupimia mkojo. Ulikuwa umeongezeka, lakini bado strungi. Jumamosi ulikuwa kahawia. Sijawahi kuomba Mungu namna hiyo, nikiwa nimekodolea macho mkojo wa mtu. Jumatatu ulikuwa kama chai nyepesi. Jumatano ulikuwa mkojo tu, na Chebet akakaa chini kwenye ukumbi akalia. Baada ya hapo hatukuzungumza naye tena.

Meneja alinifuta kazi. Nikarudi banda la Pioneer, na miaka yote iliyobaki nilifanya kazi kwa hofu. Kila mteja mgeni nilimpigia siku ya tatu kumuuliza mkojo wake una rangi gani. Waliniita Mama Mkojo, wakanicheka mpaka kanisani. Niliwaacha wacheke.

Kiprono hakurudi mbioni. Mwaka jana nilikuwa soko la Soy nikinunua viazi, nikamwona amebeba gunia begani, anatembea haraka bila kuhema. Nikapiga ukelele, "Weka chini! Weka chini hiyo kitu!" Soko zima likageuka. Aliliweka, akanijia polepole.

"Mama, ni gunia moja tu. Ni la kwanza leo."

Alinishika mkono mpaka nilipotulia, halafu akaniomba ruhusa ya kuendelea kubeba. Aliomba kwa heshima kabisa, kama bado ninamwandikia kadi. Niliitikia kwa kichwa, na alipolirudisha begani nilifumba macho.

Jumatatu iliyofuata niliandika barua ya kustaafu. Sasa vijana mnakuja nyumbani na simu zenu, mnauliza ni mara ngapi. Ninawajibu: mara mbili, na siku mbili au tatu katikati. Mnaandika, mnashukuru, mnaondoka mkiwa na furaha. Ile hofu siwezi kuwafundisha, na nisingependa mwipate nilikoipata. Lakini mtoto wangu simkabidhi kwa mkufunzi asiyekuwa nayo.